Mfano Unaishia Wapi?

Karungu,
14 Februari 1965

Ndugu yangu mpendwa Cephas,

Pokea salamu za huku ghubani, wewe na Zilpah na watoto. Mimi ni mzima. Asiye mzima ni ziwa, ambalo tangu mvua zile kubwa halijakubali kurudi kwake, na wiki hii limemeza kisima cha jirani. Mama nilimwona Suna mwishoni mwa Januari. Goti linamsumbua, ulimi haujambo. Amekataa tena kuhamia kwako Homa Bay. Anasema duka la Baba likifungwa, Wakuria wenzake watasema kwamba Mjaluo alikufa na akili za nyumba nzima. Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile cha nyuma ya duka, lugha pekee ambayo Baba na Mama walikubaliana kugombana nayo.

Sasa keti, maana jambo hili utalisikia kutoka upande mwingine, na nataka habari ya kwanza uipate kwangu.

Unajua kwamba mwaka wa pili huu ninawafundisha watoto wa darasa la pili kusema kwa mifano. Si kukariri methali za wazee. Kutunga. Mtoto anasema kitu fulani ni kama kitu kingine, anatoa sababu, halafu darasa zima linamwuliza: "Unaishia wapi?" Ndiyo sheria yetu. Kila mfano una mpaka wake, na asiyejua mpaka wa mfano wake anakaa chini mpaka aujue.

Ijumaa ya tarehe tano Chifu Jared alikuja shuleni. Wiki hiyo askari wake walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kukusanya kuku wa kumkaribishia Bwana D.O., mkuu wa tarafa. Bwana D.O. hakuja. Kuku hawakurudi. Watoto walipangwa uwanjani, wazazi wakasimama upande wa jikoni, Chifu akapanda juu ya benchi na kofia yake.

"Watoto, mnajua mimi ni nani?"

"Chifu!"

"Hapana. Mimi ni baba yenu. Chifu ni baba wa kila mtoto aliyesimama hapa."

Mkono ukainuka katika mstari wa mbele. Truphena, binti wa mvuvi Zadock, miaka minane, meno ya mbele bado hayajaota.

"Unaishia wapi?"

"Nini kinaishia wapi?" Chifu akauliza, bado anatabasamu.

"Mfano wa baba. Baba yangu akija nyumbani analeta samaki. Wewe ukija unachukua kuku. Ni hapo unapoishia, ama unaenda mbele kidogo?"

Cephas, mama mmoja alikaa chini kwenye vumbi kwa kicheko. Mwalimu mkuu alikohoa mpaka akatoa machozi. Chifu alishuka kwenye benchi kama mtu anayeshuka mtumbwini bila kujua kina cha maji, akanijia.

"Nani anawafundisha hawa upuzi huu?"

"Mimi, Mzee. Darasa la pili, kipindi cha tatu."

Najua atafika huko kwenu, ofisi ya elimu. Akifika, mpe chai. Usimpe mimi.

Dada yako,
Rispa


Homa Bay,
3 Machi 1965

Dada yangu Rispa,

Tumefurahi kusikia kwamba u mzima, na kwamba Mama bado anawashinda wote. Hapa mtoto wetu mkubwa amepona surua. Zilpah ni mjamzito tena na anakusalimu. Anasema ukija umletee omena waliokauka vizuri, si hawa dagaa wa sokoni kwetu wenye mchanga.

Chifu alifika kabla ya barua yako. Chai alipewa. Aliinywa bila kunyamaza.

Dada, nitasema wazi. Mkubwa wangu ameandaa karatasi ambayo naituma pamoja na barua hii. Inasema kwamba lugha ya mafumbo na mifano haifai kwa watoto walio chini ya darasa la tano, kwamba uliifundisha kwa hiari yako bila ruhusa, na kwamba hutaendelea. Tia sahihi na mambo haya yamekwisha. Usipotia, nafasi yako pale Karungu itazungumzwa, na mimi, mkaguzi msaidizi, sitakuwa mtu wa kuizungumza. Nitakuwa nimekaa tu mle chumbani, nikiwa ndugu yako.

Wala usinitukane bado, kwa sababu sehemu ya karatasi ile ninaiamini. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hushika kile anachokiona. Mwaka jana nilijaribu mwenyewe, katika shule moja upande wa Asumbi. Niliandika ubaoni: "Moyo wake ni jiwe." Nikauliza darasa la tatu maana yake. Mmoja akasema mtu huyo ameshakufa. Mwingine akauliza ni nani aliyemlisha jiwe. Hawakuwa wakifanya mzaha, Dada. Walikuwa na huruma. Mtoto wa namna hiyo unampa mafumbo ya nini? Tuna mtindo mpya wa kufundisha, vitabu vipya, picha ya kikombe na neno kikombe chini yake. Acha wajifunze kwanza kuita kitu jina lake.

Kisha kuna jambo moja ambalo hukuliandika, na mimi nakuuliza kama nilivyokuuliza mambo tulipokuwa wadogo. Je, maneno ya kuku ulimpa wewe? Ulimfundisha kumwuliza Chifu? Nakujua ulivyo. Tangu utotoni hujawahi kumwona mtu mwenye kofia ukanyamaza. Lakini mtoto wa miaka minane si rungu.

Nijibu hilo.

Ndugu yako,
Cephas


Karungu,
15 Machi 1965

Cephas,

Salamu kwa Zilpah, na omena wake nimeshaanza kuwatandaza juu ya wavu, mbali na mchanga. Mwambie asibebe ndoo kichwani. Mama ameleta habari kwamba anataka ng'ombe wa kijivu auzwe. Usikubali, atajuta kesho yake na keshokutwa atatulaumu sisi.

Karatasi yenu nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Haina sahihi. Nimesahihisha tu Kiingereza cha mstari wa pili.

Sasa huo moyo wako wa jiwe. Omera, ndugu yangu, uliwapa watoto mfano uliokufa kabla babu yetu hajazaliwa, halafu ukashangaa kwamba hawakuuona ukipumua! Nani katika darasa lile amewahi kushika moyo wa mtu? Uliokota maneno ya watu wazima, ukayabandika ubaoni, ukaita huo mtihani wa akili ya mtoto. Ulikuwa mtihani wa mwalimu, na mwalimu alianguka.

Mimi siandiki kitu ubaoni. Tunatoka nje. Kila mtoto anachagua kitu anachokijua kwa mikono au kwa macho yake mwenyewe. Mfano uliousikia kanisani hauruhusiwi, na wa mwenzako hauruhusiwi hata ukiugeuza mkia. Wanaanza na "kama", kwa sababu "kama" ni kamba ya kumshika ndama. Akishazoea, kamba tunaitoa. Wiki iliyopita mmoja alisema kiboko ni mtumbwi uliopinduliwa. Kwa nini? Mgongo ni mweusi, unang'aa, na maji yanauzunguka. Unaishia wapi? "Ukiupanda." Darasa zima likapiga makofi. Mwingine akasema mwalimu mkuu ni kengele, tunasikia sauti tu, maneno hakuna. Unaishia wapi? "Kengele ikipigwa mwisho tunaenda nyumbani, yeye akianza tunabaki." Huo sikuupeleka ofisini kwake.

Na mmoja, kijana mpole ambaye hasemi, alisimama akasema: ziwa ni mgeni asiyeaga. Nikamwuliza unaishia wapi. Akasema: "Mgeni hupikiwa. Hili linajipikia shamba letu." Shamba la mama yake liko chini ya maji, Cephas. Mihogo yote. Nimwambie asubiri mpaka darasa la tano ndipo aruhusiwe kulisema?

Mnasema mtoto aite kwanza kitu jina lake. Mtoto anapokuja shuleni ameshaita vitu kwa majina ya vitu vingine tangu alipojifunza kusema. Anamwita mwezi ugali. Ninyi wenye vyeti ndio mnaomkamata mlangoni na kumvua hilo, halafu mkifika darasa la saba mnamwandikia ubaoni orodha ya misemo mia, aikariri, na mnalalamika kwamba watoto wa kwetu hawana ubunifu.

Lakini tuseme ukweli. Karatasi hii haikuandikwa kwa sababu ya kipindi cha tatu. Iliandikwa kwa sababu ya kuku. Kila anayetaka kututawala hutujia na mfano mkononi. Wazungu walitwambia sisi ni watoto na wao ni baba zetu. Mfano mmoja tu, wakala nao miaka sitini! Tulikuwa na wazee hodari na wasomi wa misheni, na ni wangapi waliosimama kuuliza unaishia wapi? Sasa kofia imebaki ileile, kichwa tu ndicho kimebadilika, na mfano ni uleule wa baba. Kesho utasikia nchi ni mwili na sisi ni miguu. Keshokutwa utasikia taifa ni chungu kimoja, bila kuambiwa nani ameshika mwiko. Mtu mzima akishafungwa na mfano hajui hata kwamba amefungwa. Mtoto wa darasa la pili bado anaweza kufundishwa kuzipapasa kamba. Baada ya hapo anachelewa.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Wamwandikie anayeogopa.

Rispa


Homa Bay,
10 Mei 1965

Dada Rispa,

Hatujambo. Natumaini Pasaka ilipita vizuri. Ng'ombe wa kijivu ameuzwa. Mama hakunisikiliza na sasa, kama ulivyosema, analaumu. Omena wamefika na Zilpah amekula nusu bila kupika.

Samahani kwa kukawia. Pikipiki ya ofisi iliharibika, na kulikuwa na mambo mengine.

Umejaza kurasa sita na hukujibu swali langu moja. Nimeona.

Mkubwa wangu hakucheka kuhusu mstari wa pili. Aliuandika yeye mwenyewe. Ameniamuru nije kulikagua darasa lako Ijumaa ya tarehe kumi na nane Juni, nikae kipindi cha tatu, na niandike ripoti ambayo itatosha kumaliza jambo hili. Alivyosema neno "kumaliza" nilielewa. Aliniambia pia kwamba amenichagua mimi ili watu wasiseme ulionewa na mtu baki.

Nitakapokuja sitakuwa ndugu yako. Usinipikie.

Cephas


Karungu,
27 Juni 1965

Ndugu yangu,

Nakusalimu, na natumaini ulifika salama na kwamba Zilpah hajambo, maana siku zake zinakaribia. Sikukupikia. Uji ulikuwa wa watoto, na wewe ulikataa hata huo.

Kuna mambo ambayo hukuniuliza ulipokuwa hapa, nami sikukwambia kwa sababu ulikuja na tai. Nakwambia sasa.

Mwezi wa nne askari wa Chifu walichukua nyavu za Zadock. Walisema matundu ni madogo. Ufuo mzima una nyavu za matundu yale yale. Jioni hiyo Zadock alikuja shuleni nikiwa nasahihisha, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Japuonj," akasema, ndivyo wanavyoniita hapa, mwalimu, "umemfundisha mtoto wangu kuuliza maswali."

"Ndiyo."

"Basi mfundishe na kuyala. Maana samaki hakuna."

"Zadock, nyavu tutazidai..."

"Tutazidai nani? Wewe una mshahara. Mimi nina mdomo wa Truphena." Akacheka vibaya. "Nimemtoa shule. Atakaa nyumbani aokote kuni, kuni hazimjibu Chifu."

Nilikwenda kwake mara nyingi. Nyuzi za kusuka wavu mpya nilizipeleka mwenyewe. Ziliachwa mlangoni kwa siku nzima mvua ikizinyeshea, kisha zikaingizwa ndani. Sikuambiwa asante na sikuistahili. Ungenitukana wakati ule, ningekuwa sina la kujibu. Lakini hukuandika.

Asubuhi ya ukaguzi wako, mkewe Zadock, Phelesia, ndiye aliyemleta yule mtoto kwa mkono. Alisema mbele ya mlango wa darasa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwalimu mkuu: "Nyavu zimekwenda kwa sababu ya mdomo huu. Zimeshakwenda. Sasa mdomo wenyewe ukae bure wa nini?" Akamsukuma ndani. Mtoto huyo ndiye uliyemwona pale mbele, asiye na kitabu.

Basi ulikaa nyuma kwenye dawati dogo, magoti yako masikioni. Nilifundisha kama siku zote. Halafu ukasimama, ukaja mbele, ukachukua chaki yangu bila kuomba, ukaandika: "Moyo wake ni jiwe." Nilikuona ulivyogeuka. Ulikuwa umekuja na sentensi hiyo tayari kutoka Homa Bay.

Nawe ulisikia. Nalirudia hapa kwa sababu sijui kama uliliandika. Truphena ndiye aliyeuliza: "Jiwe lipi? La kusagia ama la ziwani?" Ukasema lolote. Yule kijana wa mihogo akasema, "Inamaanisha hasikii akiitwa." Wengine wakakubali. Ukauliza kwa sauti ya ofisi: "Na unaishia wapi?" Hukujua kwamba unauliza kwa lugha yetu! Truphena akasema: "Jiwe likikaa juani linapata moto. Huyo mtu mmemweka juani?"

Ulifuta ubao kwa kiganja chako, kifutio kikiwa hapo mezani. Ukachukua kofia yako ukaenda. Sikukuuliza utaandika nini, kwa sababu ulisema huji kama ndugu yangu.

Sasa jibu lako. Hapana, sikumpa yale maneno ya kuku. Sikujua hata kwamba nyumba yao ilichukuliwa kuku. Ila alipoyasema nilicheka, Cephas. Mbele ya Chifu, mbele ya wazazi, mpaka nikashika ukuta. Kama kosa langu ni hilo, waliandike, na waandike pia kwamba nitalirudia. Nilikawia kukujibu kwa sababu uliniuliza kama polisi na si kama mtoto wa mama yangu.

Andika ripoti yako. Nafasi yangu isikutie huruma.

Rispa


Karungu,
29 Agosti 1965

Cephas,

Hamjambo? Mama amenitumia salamu za kuuliza kama Zilpah amejifungua, na mimi sina la kumjibu, kwa sababu hakuna anayeniandikia.

Barua ya kunifukuza haijafika. Sanduku langu limefungwa tangu Julai. Kila asubuhi nalifungua kutoa gauni na kulifunga tena. Mwalimu mkuu anasema niendelee kufundisha "mpaka maelekezo mapya", na maelekezo mapya hayaji. Chifu akipita barabarani anaangalia upande wa ziwa. Nani amekalia karatasi zangu huko kwenu? Kama mnataka kunifukuza, nifukuzeni kwa wakati, nikapate nafasi ya kupanda mtama Suna. Au ofisi imeishiwa wino baada ya ule mstari wa pili?

Rispa


Karibu na Rangwe,
19 Septemba 1965

Dada yangu Rispa,

Utaona barua hii haina muhuri wa ofisi.

Zilpah alijifungua mtoto wa kike mwezi wa saba, mzima, mwenye sauti. Tumempa jina la Mama. Mwambie Mama kabla hajasikia kwa mtu mwingine, na umwombe asije kwa miguu.

Ripoti yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika kile nilichokiona: watoto waliulizwa nini, walijibu nini, neno kwa neno. Hata la juani. Mwisho nikaandika kwamba sioni sababu ya kukifunga kipindi hicho, na kwamba nyavu zilichukuliwa kwa baba wa mwanafunzi, jambo linalofaa kuchunguzwa. La nyavu nilikuwa nimelisikia ufuoni kwenu siku ileile, nikisubiri usafiri. Mkubwa wangu aliisoma akanirudishia, akasema niiandike upya. Wiki iliyofuata nikampelekea ileile. Akanirudishia. Nikampelekea ileile tena; karatasi ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Bila ripoti ya mkaguzi hawawezi kukugusa, wala hawana mkaguzi mwingine aliyekuwa mle darasani.

Kwa hiyo wakanigusa mimi. Nimerudishwa kufundisha. Pikipiki wamechukua, nyumba ya ofisi tumeihama Zilpah akiwa na mtoto wa wiki tano mgongoni. Kuhusu nyavu, hakuna aliyejibu na sidhani kama watajibu. Mwambie Zadock kwamba liko kwenye maandishi. Najua maandishi hayavui samaki.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utafurahi, nami sikuwa tayari kufurahiwa.

Kwa kunidhalilisha wamenipa darasa la pili. Watoto zaidi ya hamsini, madawati ya thelathini. Nimewafundisha wiki mbili kutoka kwenye kitabu kipya. Naonyesha picha nasema hiki ni kikombe. Wanasema hiki ni kikombe. Wananitazama kwa upole sana. Wanajua ni kikombe, Dada. Walijua kabla sijafika.

Siwezi tena. Wiki ijayo nataka kuanza. Nilikaa nyuma ya darasa lako nikaona linavyokwenda likiwa limeshakimbia, lakini sikuona linavyoanza. Siku ya kwanza, wakiwa hawajui chochote na wananiogopa, unasema nini? Niandikie haraka.

Cephas


Karungu,
23 Septemba 1965

Cephas, mtoto wa mama yangu,

Salamu kwako na kwa Zilpah, na kwa huyo mdogo mwenye sauti. Mama yuko hapa kwangu wiki hii, nimemwambia. Alilia, akasema mtoto ana pua ya Wakuria ingawa hajamwona, na kesho anapanda gari kuja huko. Jaribu kumzuia wewe, mimi nimeshindwa. Zadock nimempa ujumbe wako nikautafsiri kwa Kijaluo vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi ndugu yako naye wamemchukulia nyavu." Kisha akanipa kambale mkubwa, huyo aliyekauka, nimemfunga kwenye gunia na atakufikia pamoja na Mama. Ni wako, si wangu. Alisisitiza.

Umesema kweli. Nimefurahi. Nilifurahi mpaka nikatoka darasani nikasimama nyuma ya jiko. Sasa tufanye kazi.

Siku ya kwanza usiseme neno "mfano". Usiwaulize swali. Chukua kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui vizuri, kitu cha kwao. Huko Rangwe hakuna ziwa, basi chukua jembe la mama wa mtoto mmoja, au kichuguu cha nje ya darasa. Weka katikati. Waambie kuna mtu kipofu mlangoni, hajawahi kukigusa, wamweleze. Nenda mlangoni ufumbe macho, uwe huyo kipofu. Watakucheka. Waache. Watasema ni kirefu, sema sielewi. Watasema ni kikubwa, sema sielewi. Uwe mjinga kabisa, usiwe na haraka, uwakasirishe. Atatokea mmoja, mara nyingi ni yule anayekaa nyuma, na atapiga kelele: "Ni kama...!" Hapo fumbua macho. Umeanza. La mpaka wa mfano usiliguse wiki ya kwanza, watalitafuta wenyewe wakianza kubishana.

Siku ya tatu au ya nne watakupa jina. Utalisikia dirishani. Wangu mimi waliniita Pilipili ya Kuokota, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Wakikupa lako usimtafute mwenye kosa, usichukue fimbo. Ingia ndani uwaulize kwa nini, mbele ya wote, na ukae kimya mpaka wajibu.

Watakuja watu wa ofisi, Cephas. Usidhani wamekusahau huko. Watasimama mlangoni na kofia zao wakuulize nani aliyekuruhusu kufundisha haya. Wape jina langu. Wanajua kuliandika.

Dada yako,
Rispa